Penseli inakatika ndani kila ikichongwa, shida ni nini?

MamaPacha: Wanajamvi habari za jioni. Mwanangu wa darasa la pili anamaliza penseli kwa siku mbili, na wala haandiki sana. Akichonga tu, kile cheusi kinachomoka kipande kizima na kunasa kwenye kichongeo. Nimeshanunua vichongeo vitatu. Halafu anaitafuna, na bibi yake anasema ile ni risasi, ina sumu. Kweli?

FundiMbao: Dada, vichongeo umevionea bure. Hiyo penseli imeanguka. Cheusi kile ni kinywe, madini yaleyale yaliyoko Mahenge na Ruangwa. Kinasagwa, kinachanganywa na udongo wa mfinyanzi, kinakamuliwa kama tambi, kisha kinachomwa kwenye tanuri. Ujuzi huo Mfaransa Conté aliusajili mwaka 1795. Sasa kitu cha udongo uliochomwa ukikidondosha kwenye sakafu ya saruji unategemea nini? Ndani kinakatika vipande vinne vitano, nje mbao imetulia kimya.

Angalia na kitako. Penseli ni vibao viwili vyenye mifereji, kinywe kinalazwa katikati, vinabanwa kwa gundi ndipo vinakatwa. Mifereji isipokutana sawasawa, cheusi kinakaa pembeni na kichongeo kinakula upande mmoja. Mimi dukani sinunui mpaka nione vitako, muuzaji anune asinune.

Risasi hamna humo. Wazungu wa zamani walidhani kinywe ni jamii ya risasi, jina likaganda hadi leo. Ila ile rangi ya nje mwambie asiitafune.

Yangu ya kazini ni bapa, haibingiriki juu ya ubao. Naichonga kwa patasi. Kichongeo hata haiingii.

Mwl_Mstaafu: Fundi kamaliza. Naongeza moja: kama anatumia za duara, acha. Madawati yetu yalikuwa yameinama, kutwa nzima nasikia ko, ko, ko, penseli zinashuka. Nunua za pembe sita.

MamaPacha: Shikamoo mwalimu. Fundi, asante. Nimekagua vitako: kati ya nne, tatu cheusi kiko pembeni. Na hapa ninapoandika namsikia chumbani anapiga ngoma kwenye ndoo. Nimechungulia. Fimbo zake ni penseli mbili mpya.