Msaada: modeli ya boriti inayoungua haikubaliani na jaribio

Tanuru_Baridi (mtoa mada): Wakuu, habari zenu. Nimekwama na usingizi sina. Natengeneza modeli ya joto ya boriti ya mbao laini iliyo motoni. Vigezo vyote nimevitoa Eurocode 5 (kanuni za Ulaya za ujenzi wa mbao), sehemu ya moto, na mpaka wa mkaa nauweka kwenye nyuzi 300. Kwa saa nzima modeli inatoa kina cha mkaa milimita 39, jaribio limetoa 48. Je, nipunguze vipande vya gridi, yaani vile modeli inavyoigawa boriti? Sasa hivi ni milimita 5.

Kigogo: 5 ni kubwa mno, weka 1. Na hatua za muda zipunguze pia. Kati ya nyuzi 99 na 120 joto mahususi (joto la kupasha kilo moja kwa nyuzi moja) linapanda hadi jouli 13,600 kwa sababu ya maji yanayochemka. Ukipiga hatua ndefu unaliruka hilo lote, mbao inakauka bila kulipia.

Nusu_Inchi: Kigogo, hiyo ingefanya mkaa uende mbele zaidi. Yeye wake umebaki nyuma.

Bi_Msumeno: Mimi kompyuta sizijui, ila niliwahi kuingia kwenye karakana iliyoungua. Vyuma vya paa vilikuwa vimejikunja, boriti nene ziko palepale, nyeusi nje. Fundi akachonga kwa shoka, ndani mbao ikatoka nyeupe. Mbao msiidharau.

Mwl_Kona: Vijana mnapenda majedwali kuliko moto wenyewe. Mtoa mada, moto wako ulifuata mkondo upi? ISO 834, ule wa kawaida wa majaribio ya moto?

Tanuru_Baridi: Karibu na huo.

Mwl_Kona: Karibu ni ngapi? ISO inatakiwa iwe kama nyuzi 945 kwenye dakika ya 60. Wewe ulikuwa ngapi?

Tanuru_Baridi: Sawa. Moto ulipanda kama ISO hadi dakika ya 40, kisha tukazima vichomeo ukapoa wenyewe. Lakini saa nzima ni saa nzima. Halafu tatizo kama nimeshalimaliza: upitishaji joto juu ya nyuzi 350 nimeuzidisha kwa 1.5 na sasa mistari inalalia vizuri. Nilitaka tu uhakika kabla sijatumia namba hiyo kwenye paa jingine.

Kigogo: Kumbe! Si ungesema hivyo tangu mwanzo?

Mwl_Kona: Hapo ndipo penyewe. Namba za jedwali la Eurocode si tabia halisi ya mkaa. Ile 0.35 ya upitishaji joto kwenye nyuzi 800 imebeba nyufa na mkaa unaoliwa juu, na ilipangwa ili majibu yatoke sawa kwenye mkondo wa kawaida tu. Moto ukianza kupoa, jedwali halikuhusu tena, maana mkaa unaendelea kufukuta na joto linaendelea kuingia ndani. Mbao iliyofika nyuzi 100 tu imebaki na robo ya nguvu yake ya kubanwa. Hiyo 1.5 imelipia moto mmoja. Paa jingine litakudai upya.

Tanuru_Baridi: Kila mtu anarekebisha vigezo, mwalimu. Tusidanganyane.

Ngoswe77: Dawa ni moja: mwagia maji 😂

Nusu_Inchi: Ngojeni kwanza. 39 ni milimita 0.65 kwa dakika, mara dakika 60. 48 ni 0.8 mara 60. Hizo ni kasi mbili za kuungua zilizomo kwenye kitabu hichohicho, ya upande mmoja na ile iliyojumlisha pembe na nyufa. Eti modeli yenye kupoa iangukie hapo kamili, na jaribio nalo liangukie hapo kamili? Hii chai. Mtu ana zoezi la darasani anatafuta wa kumfanyia.

Ngoswe77: Chai ya mkaa.

Bi_Msumeno: Na mie nimehadithia bure?

Tanuru_Baridi: Namba nimezizungusha makusudi, data si yangu peke yangu. Pengo lipo vilevile. Anayetaka aamini, asiyetaka apite.

Kigogo: Hata kama ni chai, swali lina maana. Hicho kina cha jaribio mlikipataje?

Tanuru_Baridi: Kwa thamokapo (waya za kupimia joto) zilizomo ndani ya boriti. Tulitoboa kutoka upande wa nyuma, tukaziingiza moja kwa moja kuelekea moto.

Kigogo: Basi waya zenyewe zinanyonya joto na kulirudisha nyuma. Zinasoma chini ya joto halisi. Zilipaswa kulala sambamba na uso unaoungua. Maana yake mkaa wa kweli umezidi hata hiyo 48 yako, na 1.5 umeilinganisha na kipimo kilichopunjwa. Mliikata boriti, mkakwangua mkaa, mkapima kwa rula?

Tanuru_Baridi: Boriti ilishatupwa.

Tanuru_Baridi: Nikiweka 1.7 je?