Faili la data la Age of Empires II halisomeki, nianzie wapi?

Mchizi wa Sakina (Arusha)

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa anayeijua kwa ndani gemu ya vita ya kompyuta Age of Empires II, ile ya 1999 pamoja na nyongeza yake ya The Conquerors ya 2000. Hapa Sakina Jumapili jioni tunaunganisha laptop kwa waya na kupigana washkaji wote. Kila mtu anamkimbilia Knight (askari wa farasi), wapiga mikuki hawana kazi. Nataka tuwe na toleo letu: Knight apunguzwe damu, mkuki ushuke bei.

Naambiwa kila kitu kimo kwenye empires2_x1_p1.dat, ndani ya folda ya Data. Nimelifungua kwa kihariri cha heksa (kinachoonyesha kila baiti ya faili kwa namba za msingi wa 16), ni fujo tupu, hakuna hata neno moja linalosomeka. Limefungwa kwa nywila au vipi? Tafadhali msinipe faili lililokwisha kubadilishwa na mtu mwingine. Nataka nielewe lilivyopangwa.

Fundi Majengo (Moshi)

Mkuu, umenifurahisha ulivyokataa faili la mtu. Hilo halina nywila, limebanwa tu. Jaribu kulizip: halitapungua kitu, kama nazi iliyokwisha kukamuliwa. Ensemble Studios, waliotengeneza gemu, walitumia deflate, njia ileile iliyomo ndani ya zip, ila hawakuweka kichwa cha utambulisho mwanzoni, ndiyo maana programu za kawaida zinalikataa. Kwa lugha ya Python, ukitumia zlib, maktaba yake ya kubana na kufungua data:

import zlib
d = zlib.decompress(open("empires2_x1_p1.dat","rb").read(), -15)
open("wazi.bin","wb").write(d)

Hiyo -15 inaiambia zlib isitafute kichwa. Ukifungua wazi.bin, herufi za kwanza kabisa ni VER 5.7. Ukiziona, umeshaingia ndani.

Sasa, Knight ana damu 100, lakini usitafute 100 peke yake. Kwa heksa ni 64 00 na utaikuta kila kona. Tafuta namba isiyo ya kawaida. Kasi ndiyo nzuri: Knight anakwenda 1.35, na gemu inaandika desimali kwa baiti nne, baiti ya thamani ndogo ikitangulia, kwa hiyo ni CD CC AC 3F. Militia (askari wa miguu) anakwenda 0.9, yaani 66 66 66 3F, na ule upande wa kulia unaoonyesha herufi utaiona imeandikwa fff? hivyohivyo. Ukishaizoea hiyo, jicho linaikamata lenyewe ukiwa unashuka.

Damu nayo inafuatwa papo hapo na umbali wa kuona, ambao pia ni desimali. Knight anaona vigae (miraba ya ramani) 4, kwa hiyo tafuta 64 00 00 00 80 40 kwa pamoja. Utapata sehemu nyingi, usishtuke: kila taifa lina nakala yake ya askari, na The Conquerors ina mataifa 18 pamoja na Gaia (upande wa vitu visivyo na mchezaji, kama wanyama na miti). Ukirekebisha moja, Wafaranki watabadilika na Waajemi watabaki vilevile.

Usijaribu kuruka kutoka askari hadi askari kwa hatua zinazolingana. Kila mmoja ana jina la urefu wake na orodha ya mashambulizi ya urefu wake, na urefu huo umeandikwa kabla ya orodha yenyewe. Lazima usome kwa mfuatano.

Dada wa Njiro

Kaka, Fundi kamaliza. Ukikwama, linganisha usomaji wako na nyaraka za openage (mradi wa kuandika upya injini ya gemu hii) au msimbo wa genieutils (maktaba ya kusoma mafaili haya), viko wazi kwa kila mtu. Advanced Genie Editor, programu ya kuhariri faili hili, nayo itakuonyesha jina la kila nafasi ya data, ila fanya mwenyewe kwanza.

Na kwa kuwa mnacheza kwa waya: gemu hii haitumi hali ya vita kwenye mtandao, inatuma amri tu, kila laptop inajipigia hesabu zake. Mmoja akiwa na Knight wa damu 90 na mwenzake wa 100, hesabu zitaachana na mchezo utakatika. Faili liwe moja kwenye laptop zote, na la asili lihifadhiwe pembeni.

Mchizi wa Sakina

VER 5.7 nimeiona, asanteni sana! Wale Knight nimewapata, nawaandikia 5A 00 wote. Bei ya mkuki je?

Fundi Majengo

Mpiga mkuki ni chakula 35 na mbao 25. Bei imeandikwa aina kwanza, kisha kiasi: chakula ni 0, mbao ni 1. Kwa hiyo tafuta 00 00 23 00, na jirani yake 01 00 19 00. Ukishabadilisha, bana tena kwa zlib.compressobj(9, zlib.DEFLATED, -15). Ukiisahau hiyo -15, kichwa kitarudi na gemu haitalisoma.