Benki imeniita PEPO mbele ya foleni nzima, kisa baba mkwe!!!

Wakuu leo sina salamu ndefu, mikono inatetemeka, naandikia ndani ya daladala.

Ile benki. Siitaji, mnaijua, ile yenye madirisha saba na keshia mmoja, peni imefungwa mnyororo kama mbuzi wa sadaka. Nimeenda kufungua akaunti ya biashara, nafuga kuku Chanika, nilitaka kuweka milioni 4.7 ya mauzo. NIDA ninayo, TIN ninayo, leseni ninayo, barua ya serikali ya mtaa ninayo, pasipoti saizi nne na zote nimetoka kama mtuhumiwa. Yule dada (mlioenda pale mnamjua, wa dawati la kona, kucha ndefu mpaka kompyuta anaibonyeza kwa kalamu) kabonyeza weee, kaniuliza mkeo ni binti wa nani, nikamtajia, kabonyeza tena, halafu kageuka akamwitia mwenzake kule mwisho wa ukumbi: "WE, HUYU NI PEP HUYU!"

Mimi nikasikia PEPO. Foleni nzima ikasikia PEPO. Mama aliyekuwa nyuma yangu karudi hatua tatu anasema ashindwe kwa jina la Yesu. Mlinzi kashika rungu, sijui alitaka kumpiga nani, mimi au aliyeniingia.

Namuuliza dada pepo kivipi, ananiambia hapana kaka, PEP, yani wewe ni familia ya mtu aliyeshika cheo cha kisiasa kwa hiyo hela yako lazima ijieleze. IJIELEZE! Hela inanuka mavi ya kuku mpaka ile mashine ya kuhesabia imepiga chafya, ijieleze mara ngapi??

Baba mkwe alikuwa naibu waziri enzi za Mkapa, hata mwaka hakumaliza. Sasa hivi anafuga nyuki Manyoni, simu yake ya tochi. Kati yangu na yeye hela imetembea njia moja tu, kutoka kwangu kwenda kwake, inaitwa mahari, deni nimelimaliza juzi juzi. Kama kuna utakasishaji wa fedha hapo basi mimi ndo nimetakaswa mpaka nikabaki mweupe.

Mwisho naambiwa nisubiri meneja asaini, meneja yuko semina Morogoro. Nimerudi na hela kwenye kiroba cha pumba. Huyu ni PEP huyu. Mbele ya watu arobaini. Na yule mama tumepanda naye gari moja, kakaa siti ya mbele kabisa na anageuka kila kituo.

Kiatu_Kimoja: Pole pepo 😂😂😂

Mjukuu wa Kigoma: Ila na wewe umeoa kwa naibu waziri halafu unalialia, wenzio tunaoa kwa mabalozi wa nyumba kumi na mahari ni ile ile

Kalamu Nyekundu: Mkuu nafanya kazi hizo hizo za KYC (kumhakiki mteja ni nani), benki nyingine. Kwa pendekezo namba 12 la FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakasishaji fedha, PEP anahesabiwa yeye, familia yake na washirika wake wa karibu, na akionekana risiki kubwa bosi wa juu lazima aidhinishe na ijulikane mali imetoka wapi. Hata akistaafu hakuna miaka maalum ya kuacha kuitwa PEP, benki inapima yenyewe. Nchi tuliingia orodha yao ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022 tukatoka Juni 2025, kwa hiyo watu bado wana woga. Ila kupiga kelele ukumbini hapo dada kazingua, na PEP hamaanishi mwizi

Kuku wa Chanika (mleta uzi): Sasa mwambie yule mama wa ashindwe, mimi ataniamini??

Bi Mkora: Wanapima mfuga kuku. 2014 kwenye kashfa ya Escrow si tuliambiwa hela zilitoka benki kwenye sandarusi? Sandarusi zilijieleza?

Mjukuu wa Kigoma: Na yule waziri wa 2008, dola zaidi ya milioni moja ziko Jersey, zikaitwa vijisenti. Wewe na kiroba chako cha pumba ndo unatishia mfumo wa fedha duniani 😂

Fundi Bomba: Afadhali yako umeitwa pepo, mimi jina langu limefanana na mtu sijui wa wapi huko, hela ya ndugu yangu kutoka Oman imekwama wiki ya tatu, kila nikienda naambiwa "sistimu inahakiki". Nimepeleka mpaka cheti cha ubatizo

mama_Tegeta: Nyie mna hela za kukwama. Mimi makato tu, nimeweka elfu ishirini nimekuta kumi na saba mia nne

Kiatu_Kimoja: Hapo pepo yumo kweli

Fundi Bomba: Jamani nauliza cheti cha ubatizo kitasaidia au nipeleke na cha ndoa

mama_Tegeta: Samahani mleta uzi, hao kuku ni wa kienyeji au chotara?

Kuku wa Chanika (mleta uzi): Chotara dada, jogoo elfu ishirini na tano, kumi kwenda juu tunaongea

mama_Tegeta: Unaleta Tegeta au nifuate?

Kuku wa Chanika (mleta uzi): Naleta, bodaboda juu yako. Njoo PM