Singoniamu ya mabaka meupe: udongo, makumbi au maji?

Roshani_Tudor: Salaam wapenda maua. Nina kipande cha singoniamu, ule mmea wa mapambo unaotambaa, yenye mabaka meupe, nataka ikae sebuleni. Wengine huiweka kwenye chupa ya maji, wengine makumbi (nyuzi za ganda la nazi), wengine udongo mtupu. Kwa joto la Mombasa ipi bora? Dirisha linatazama mashariki.

MamaVyungu: Udongo mtupu achana nao, dada. Ndani ya chungu hushikana, mizizi ikakosa hewa na kuoza. Changanya unga wa makumbi sehemu mbili, mkaa uliovunjwa vidogo sehemu moja, kokoto ndogo sehemu moja na samadi iliyooza kabisa nusu sehemu. Mchanga wa pwani usiuguse. Na makumbi ya wasokota kamba yameshazikwa kwenye maji ya bahari, kwa hivyo yaroweke maji matamu, umwage, urudie mpaka ukionja maji usisikie chumvi.

Kizingo_Kijani: Kwa kuanzia mimi naunga mkono chupa, kwa kuwa mizizi unaiona. Kata kidogo chini ya kifundo, pale jani linaposhikana na shina. Mara nyingi pana kijizizi cha kahawia kimetokeza. Jani lisilo na kifundo halichipui hata likae vipi. Kifundo kizame, jani libaki nje. Maji yabadilishe kila siku 4 au 5, na mdomo wa chupa uzibe kwa pamba, maana mbu wa dengi huzaliana kwenye maji kama hayo. Mizizi ikifika sentimita 5, hamishia kwenye mchanganyiko wa Mama Vyungu. Ukiichelewesha sana majini, huzoea huko na kuhama kunaipa tabu. Vaa glavu unapokata: utomvu unawasha, na mmea ukitafunwa huchoma mdomo, kwa hivyo weka mbali na watoto na paka.

Fundi_wa_Majani: Chungu chochote mtakachochagua, maji ya kisima chenye chumvi yataharibu kazi. Sehemu nyeupe ndiyo huonyesha kwanza: ukingo unakuwa kahawia, mkavu kama karatasi, na kijani kando yake bado kizima. Kinga maji ya mvua ya masika, au yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi. Kama huna budi kutumia ya kisima, kila mwezi mimina maji matamu mengi mpaka yatiririke chini, yaondoe chumvi iliyojikusanya.

Mwanga nao usiudharau. Sehemu nyeupe haina klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, kwa hivyo haijitengenezei chakula. Dirisha la mashariki ni zuri, ila weka pazia jepesi. Majani mapya yakianza kutoka kijani kitupu, tazama shina: rudi nyuma hadi kifundo chenye mstari mweupe, ukate juu yake. Ukiyaacha, matawi ya kijani hukua kwa kasi na kuyameza yenye mabaka. Tawi jeupe tupu nalo halidumu.

Roshani_Tudor: Ahsanteni. Nimwagilie mara ngapi?

MamaVyungu: Usihesabu siku. Chomeka kidole, sentimita 3 za juu zikikauka ndipo umwagilie. Msimu wa kaskazi hukauka upesi. Usiweke mbele ya kiyoyozi, hewa kavu huleta utitiri. Pangusa upande wa chini wa majani kwa kitambaa chenye maji.

Roshani_Tudor: Ining'inie au nisimike fito?

Kizingo_Kijani: Fito iliyozungushiwa makumbi, uyanyunyizie maji yasikauke. Ikipanda, majani hukua makubwa na baadaye hugawanyika. Ikining'inia hubaki madogo.