Tupeane uzoefu: mkeka wako wa Oscar, yaani orodha yako ya utabiri, unaupangaje, na ni mwaka gani ulikufundisha kusoma kura?

Mwanzisha uzi, Dodoma

Habari zenu wadau wa filamu. Kila mwaka ni vilevile. Agosti ikielekea kuisha, tamasha la filamu la Venice linafungua pazia, la Telluride linafuata, la Toronto linadakia Septemba, na sisi tunaanza kupanga nani atateuliwa na nani atabeba. Ninachokiona ni kwamba wengi wanapanga mkeka kwa mapenzi. Filamu imewaliza, basi wanaiweka namba moja. Oscar inaamuliwa kwa kura, na kura zina wenyewe. Ndiyo maana nimefungua uzi huu: kila mmoja alete mwaka mmoja uliomfungua macho, na aeleze aliona nini kabla ya usiku wenyewe.

Naanza na 2020. Filamu ya 1917 ilikuwa imeshabeba Golden Globe upande wa drama, tuzo ya PGA ambacho ni chama cha watayarishaji, tuzo ya DGA ambacho ni chama cha waongozaji, na BAFTA ya Uingereza. Kwa hesabu za kawaida mchezo ulikuwa umekwisha. Lakini Januari waigizaji wa Marekani, kupitia chama chao cha SAG, waliwapa waigizaji wa Parasite tuzo ya kundi zima. Walipopanda tu jukwaani kuitambulisha filamu yao, ukumbi ulisimama kuwapigia makofi, na ushindi ulikuwa haujatangazwa. Wachambuzi wengi wakasema ni heshima tu kwa wageni. Mimi nikajiuliza swali moja: ndani ya Academy, chama cha wanafilamu wanaopiga kura za Oscar, tawi lenye watu wengi kuliko yote ni lipi? Ni la waigizaji. Hapa kuna filamu ya Kikorea ambayo hakuna mwigizaji wake hata mmoja aliyeteuliwa kivyake, halafu wenzao wa Hollywood wanaipa tuzo yao kubwa. Niliipandisha juu na sikuishusha tena. Tarehe 9 Februari ikaondoka na tuzo 4, ikiwemo Filamu Bora. Haikuwahi kutokea kabla kwa filamu isiyo ya Kiingereza.

Karibuni, leteni za kwenu.

Mdau, Kisumu

Asante kwa uzi, ndugu yangu. Huku kwetu mwaka ni mmoja tu: 2014, mwaka wa Lupita Nyong'o, aliyeshindania Mwigizaji Msaidizi Bora wa Kike kwa 12 Years a Slave.

Watu wanadhani Wakenya tulimweka kwa sababu ni binti yetu. Mapenzi yalikuwepo, sikatai, lakini hesabu pia zilikuwepo. Jennifer Lawrence alikuwa na Golden Globe na BAFTA. Lupita alikuwa na Critics' Choice, tuzo ya wakosoaji, na SAG. Mbili kwa mbili. Mimi nikaangalia nani ametoa nini. Golden Globe wakati ule ilitolewa na kikundi cha waandishi wa habari wa kigeni walioko Hollywood, hawakufika hata mia moja, na kura yao haiendi Oscar. SAG ni waigizaji wenyewe. Halafu Lawrence alikuwa amepewa Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka mmoja tu nyuma, na wapiga kura hawapendi kumrudia mtu upesi hivyo kama kuna sura mpya inayostahili. La tatu, 12 Years a Slave ilikuwa inapigiwa chapuo la Filamu Bora, na filamu yenye nguvu humbeba mwigizaji wake msaidizi.

Sherehe ilianza saa kumi na nusu alfajiri ya Jumatatu kwa saa zetu. Mamangu aliamka kusali akatukuta tumejaa sebuleni, akauliza kuna msiba gani. Jina lilipotajwa hakuna aliyehitaji kumjibu. Na yale maneno ya Lupita kwamba popote utokapo ndoto zako ni halali, sidhani kuna mtoto wa shule Kenya ambaye hajayasikia.

Kitu kingine cha usiku ule: Gravity ilizoa tuzo 7, na mwongozaji wake Alfonso Cuarón akiwemo, lakini Filamu Bora ikaenda 12 Years a Slave. Wale watayarishaji wa PGA walikuwa wameshatoa ishara mapema, kwa sababu tuzo yao mwaka huo ilikuwa sare kati ya hizo mbili.

Mdau, Leicester (nyumbani Mombasa)

Salaam aleikum jamaa. Mimi nasimama na BAFTA, na si kwa kuwa naishi huku. Husemwa kwamba Waingereza hupendelea wao kwa wao, kwa hivyo tuzo yao isihesabiwe. Tazameni basi. Mwigizaji Bora wa Kike, 2019 Glenn Close alikuwa na Golden Globe, SAG na Critics' Choice. Olivia Colman alikuwa na BAFTA. Oscar ikaenda kwa Colman. 2025 Demi Moore alikuwa na zile zile tatu, Mikey Madison ana BAFTA. Ikaenda kwa Madison. Sababu yake ni kwamba baadhi ya wanachama wa BAFTA ni wanachama wa Academy pia, na tuzo yenyewe hutolewa msimu ukiwa umeshakolea, watu wameshaziona filamu zote.

Ulioniuma zaidi ni 2021. Chadwick Boseman alikuwa amefariki Agosti 2020, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kubwa kweli kweli. Alikuwa na Golden Globe, Critics' Choice na SAG. Waandaaji hata wakabadilisha mpangilio, Filamu Bora ikatolewa mapema na Mwigizaji Bora wa Kiume ikaachwa mwisho kabisa. Lakini BAFTA ilikuwa kwa Anthony Hopkins. Roho yangu ilikuwa kwa Boseman, mkeka ulikuwa na Hopkins. Jina likatoka Hopkins, mwenyewe hayupo ukumbini, yuko kwao Wales, na sherehe ikaisha papo hapo bila hotuba. Nilikaa kimya muda mrefu. Hadi leo naamini si haki kuupanga usiku mzima kuelekea jina ambalo halijulikani kama litatoka.

Mdau, Arusha

Mkuu wa Leicester nakuheshimu, ila usisahau 2023, tuzo nne za uigizaji. BAFTA iliwapa Cate Blanchett, Austin Butler, Kerry Condon na Barry Keoghan. SAG iliwapa Michelle Yeoh, Brendan Fraser, Jamie Lee Curtis na Ke Huy Quan. Oscar ikawachukua wote wanne wa SAG. BAFTA haikupata hata mmoja.

Mwanzisha uzi, Dodoma

Nyote mko sahihi, na 2023 inaeleza kwa nini. Mwaka ule Everything Everywhere All at Once ilikuwa imechukua vyama vyote vikubwa, PGA, DGA, SAG na hata waandishi wa miswada. Mafuriko yakija namna hiyo, unafuata mafuriko. BAFTA inasaidia pale vyama vinapogawanyika au mtu anapoongoza kwa tofauti ndogo.

Niongeze kuhusu Filamu Bora, maana hapa ndipo mikeka mingi huchanika. Tuzo nyingine zote mpiga kura anachagua jina moja, anayeongoza kashinda. Filamu Bora ni tofauti tangu idadi ya wateule iliposogezwa kutoka 5 kwenda 10 kwa sherehe ya 2010. Mpiga kura anazipanga filamu kwa namba, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kama hakuna iliyovuka nusu ya kura, ile ya chini kabisa inatolewa, na kura zake zinahamia kwenye chaguo linalofuata la kila aliyeiweka kwanza. Wanaendelea hivyo mpaka moja ivuke nusu. Kwa hiyo filamu inayopendwa sana na watu fulani na kuchukiwa na wengine inakwama njiani, na ile ambayo karibu kila mtu kaiweka ya pili au ya tatu inazidi kupanda.

CODA mwaka 2022 ndiyo mfano ninaoupenda. The Power of the Dog iliteuliwa mara 12. CODA mara 3 tu, haina uteuzi wa uongozaji wala uhariri. Lakini CODA ilibeba SAG ya kundi, kisha PGA, na PGA nao huhesabu kura kwa mtindo huo huo wa kupanga namba. Ukilijua hilo, PGA inakuwa jaribio la uchaguzi wenyewe. CODA ikashinda zote 3 ilizoteuliwa. The Power of the Dog ikarudi na moja, ya Jane Campion.

Mdau, Unguja

Nyinyi mnazungumzia kumaliza mbio, mie nataka kusema juu ya kuanza. Mwaka 2022 Tanzania ilipeleka Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, lugha yetu, mitaa yetu. Ilikuwa imeshaonyeshwa Toronto mwaka mmoja kabla. Kabla yake nchi yetu ilikuwa imepeleka filamu moja tu, Maangamizi, mwaka 2001.

Nilifurahi kupita kiasi, na hapo ndipo nilipoanza kuisoma kategoria ya filamu ya kimataifa. Kila nchi inatoa filamu moja, inayochaguliwa na kamati ya nchi yenyewe. Zinaingia karibu tisini na kitu, zinachujwa mpaka 15, kisha 5. Ili mpiga kura aifikie yako katika rundo lile, lazima iwe na msambazaji Marekani anayeitangaza na kuandaa maonyesho. Yetu haikuingia kwenye zile 15. Aliyebeba ni Ujerumani na All Quiet on the Western Front, iliyokuwa na Netflix nyuma yake na uteuzi 9. Chukueni kanuni hii: ikiwa ni filamu moja tu iliyoteuliwa kwa kimataifa na pia kwa Filamu Bora, msishindane nayo. Roma, Parasite, Drive My Car, The Zone of Interest, zote zilibeba.

Na kamati inaweza kuharibu. Ufaransa mwaka 2023 ilikuwa na Anatomy of a Fall, mshindi wa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, ikaiacha ikapeleka nyingine. Waliyoipeleka haikuteuliwa. Waliyoiacha ikateuliwa mara 5 na ikashinda mswada bora.

Mdau, Nairobi

Kuhusu kamati, sisi tuna la kusema. Filamu ya Rafiki ilipigwa marufuku Kenya, na Septemba 2018 mahakama ikasimamisha marufuku kwa siku 7 ili ionyeshwe na ipate sifa za kushindania Oscar. Watu walijaa kumbini. Kamati ya Kenya ikachagua filamu nyingine, Supa Modo. Supa Modo ni filamu nzuri, naipenda, lakini Rafiki ilikuwa imetoka Cannes na jina lake lilikuwa linatajwa kila mahali. Kwa mtu anayetabiri, jina linalojulikana ni nusu ya safari.

Mdau, Lubumbashi

Jambo kwenu wote. Mimi ninafuata filamu za hali halisi. Kwa sherehe ya 2025 iliteuliwa Soundtrack to a Coup d'Etat ya Mbelgiji Johan Grimonprez, juu ya kuuawa kwa Lumumba na wanamuziki wa jazz waliotumwa Afrika wakati ule. Kwetu hapa Katanga si historia ya mbali, maana ni katika ardhi hii walimwulia, Januari 1961. Nilitamani ishinde. Lakini No Other Land ilikuwa imeshinda kwenye tamasha la Berlin na kupewa tuzo nyingi za wakosoaji, ijapokuwa haikuwa na msambazaji Marekani, nayo ikachukua. Katika kategoria hii BAFTA haikusaidia kabisa: tuzo yake ilienda kwa filamu ambayo Oscar haikuiteua hata. Ninawaangalia wakosoaji kwanza.

Mdau, Mwanza

Wakuu, mimi mgeni. Mkeka unafungwa lini? Nikipanga Oktoba nakuta Februari kila kitu kimegeuka.

Mwanzisha uzi, Dodoma

Karibu sana. Panga mara mbili. Wa kwanza ni wa uteuzi, na huo ufunge vyama vikishatangaza wateule wao Januari. Kumbuka waigizaji wanateuliwa na waigizaji, wahariri na wahariri, Filamu Bora wanateua wote. Wa pili ni wa ushindi, usiufunge kabla PGA, DGA, SAG na BAFTA hazijatoka.

Na kuanzia sherehe ya 2026 kuna sharti jipya: mpiga kura lazima awe ameona filamu zote za kategoria husika ndipo aipigie kura duru ya mwisho. Mimi naanza kuzipa nafasi zaidi filamu ndogo zenye waigizaji wazito, hasa kwenye kategoria za uigizaji. Nani mwingine anaiona hivyo?