Kutwanga sombe na kuchambua dagaa kutaniua, wenzangu mnafanyaje?

MamaStesheni (Tabora)

Mwangaluka jamani. Nina kibanda cha chakula huku Tabora karibu na stesheni, ugali, wali, maharage, na Jumanne na Ijumaa napika sombe, yaani kisamvu cha majani ya muhogo, ya mawese maana wateja wangu wengi ni watu wa Kigoma, wakiikosa wananuna kama wamefiwa. Sasa kupika sio shida, shida ni hizi kazi za kabla ya kupika. Naamka saa tisa usiku, namenya vitunguu saumu mpaka kucha zinawaka, nachagua mchele mawe, nakata vichwa vya dagaa kilo mbili kimoja kimoja, halafu ndo nashika mchi, na mchi ukianza tu jirani anagonga ukuta.

Nikasema ngoja nitumie akili, nikanunua blenda. Wiki ya pili ikatoa moshi, fundi kaniambia mota imeungua. Na hata kabla haijafa sombe ilikuwa inatoka kama juisi, mteja mmoja akaniuliza mama hii sombe au dawa ya minyoo. Niliumia. Msiniambie niajiri msichana, ninaye, na yeye anachoka.

Mwana_Kibirizi

Mwakeye dada. Kwanza nicheke kidogo, dagaa wa Kigoma nani kakwambia wanakatwa vichwa?? Huku kwetu wanaliwa wazima wazima, hao wa kukata vichwa ni dagaa wa kwingine wenye uchungu. Umejipa kazi ya bure miaka yote hiyo pole sana.

Kinachotakiwa kutoka ni mchanga. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, mimina dagaa, koroga kwa mkono, subiri kama dakika moja mchanga ushuke chini, halafu OPOA dagaa kwa mikono au chujio. Watu wengi wanakosea hapa, wanainamisha beseni kumwaga maji na mchanga wote unarudi juu ya dagaa, unaosha mara sita bado meno yanalia. Ukiopoa mara tatu beseni linabaki safi chini. Na ukinunua uliza walianikwa wapi, waliokauka kwenye chanja bei imechangamka ila mchanga hawana, waliomwagwa ufukweni ndo hao wa kusaga meno.

shangazi_wa_Ujiji

Mwanangu blenda haina kosa, umeipa kazi isiyo yake. Blenda inataka maji ili izunguke, na sombe ikishaingia maji ndo inakuwa hiyo juisi yako. Tafuta mashine ya mkono ya kusagia nyama, ile ya chuma inayofungwa kwenye ukingo wa meza. Majani unayatoa vikonyo, unayakunja kama sigara, unakata mara mbili tatu, unalisha huku msichana anazungusha. Inatoka na chengachenga zake kama ya kinu kabisa, wala jirani hasikii kitu.

Halafu chagua majani, usichume tu, yale ya juu laini manne matano kila tawi, yaliyokomaa hata ukitwanga mpaka adhuhuri bado nyuzi. Ukipata kisamvu cha mpira, yale majani ya mti wa mpira unaofanana na muhogo, ndo umepona, kile ni laini chenyewe. Mimi majani nayaanika uani tangu jana yake mchana yanyauke, yakinyauka hayarukiruki kinuni.

Kijana_wa_Isevya

mbona rahisi tu, chemsha majani kwanza yakilegea ndo utwange, dakika kumi umemaliza. Na ukipika tupia magadi kidogo yanaiva chap

shangazi_wa_Ujiji

Wewe kijana usimdanganye mwenzio anayelisha watu. Majani ya muhogo yana sumu, ile sianidi, na ndani ya jani kuna kitu chake kinachoitoa ile sumu pale jani linapopondwa bichi. Ukichemsha jani zima umeshakiua hicho kitu na sumu nyingi inabaki humohumo. Kwa hiyo ponda kwanza, halafu chemsha sufuria ikiwa WAZI mpaka ule ukali wa harufu uishe, ndo unaweka karanga na mawese. Wazee hawakubeba kinu kwa kupenda mazoezi. Na magadi yanalainisha kweli lakini yanaua vitamini, kidogo sana au uache.

Kijana_wa_Isevya

aah shikamoo shangazi, hiyo ya sumu sikuijua, mi nakula tu nikipikiwa

nyamwezi_halisi

Kuhusu mchele dada acha kutoboa macho kwenye sinia usiku. Pepeta chuya kwanza kwenye ungo, halafu chukua bakuli mbili, mchele na maji mengi, unatikisa bakuli na kumimina kidogokidogo kwenda bakuli la pili, mchele unaondoka na maji, mawe mazito yanabaki nyuma. Mwisho kabisa kinabaki kijiko kimoja cha mchele na mawe yote, hicho wape kuku. Vitunguu saumu loweka kwenye maji ya moto kidogo kama robo saa, kata kile kitako, ganda linavuka lenyewe. Au weka punje kwenye kopo lenye mfuniko utikise kwa hasira, mimi huwa namkumbuka mwenye nyumba wangu ndo natikisa, zinamenyeka zote.

MamaStesheni (Tabora)

Hahaha huyo mwenye nyumba. Jamani nimerudi kutoa ripoti. Vichwa vya dagaa nimeacha tangu Ijumaa na hakuna mteja hata mmoja aliyegundua, nilitaka kulia nikikumbuka usiku wangu wote ule. Mashine ya nyama niliazima kwa muuza bucha hapa jirani, ila nikaiosha harakaharaka, sombe ya kwanza ikanukia mafuta ya ng'ombe, watu wakasema leo mama umetuwekea supu. Ya pili nikaichemshia maji ya moto kabla, ikatoka vizuri mno. Sasa naamka saa kumi na moja. Jirani hagongi tena ukuta, anagonga mlango na bakuli.

Shangazi shikamoo, hiyo mashine huko Kigoma sokoni inauzwaje? Nina ndugu anapanda treni wiki ijayo, nataka yangu, bucha ameanza kunidai sahani ya bure kila siku.