Mnaouza mafunzo ya Linux kwa Kiswahili: mmesababisha duka la watu Kigoma lisiuze Jumamosi nzima

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa maswali ya kompyuta. Sijaja kuuliza. Nimekuja kulalamika, na hasira hii ninayo tangu Jumamosi.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kigoma, Mwanga. Nina mteja, mama mmoja mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi: saruji, bati, nondo, misumari. Wateja wake wengi wanatoka Kongo na Burundi. Wananunua asubuhi, mzigo unapelekwa Kibirizi, unapakiwa, boti inaondoka. Boti haikai kumsubiri mtu ambaye risiti yake haijatoka.

Dukani kuna kompyuta moja yenye nguvu. Nilimwekea Ubuntu (aina ya Linux), juu yake KVM, na ndani mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kufikirika ambazo KVM inaziendesha ndani ya ile moja halisi: moja ina Windows na programu ya mauzo, nyingine inatunza picha za kamera. Niliichagua KVM kwa sababu haina leseni ya kulipia na imo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux yenyewe tangu toleo la 2.6.20, mwaka 2007. Bila mashine pepe, mama angelazimika kununua kompyuta nyingine.

Sasa, anayejua libvirt, programu inayosimamia mashine pepe hizo, anajua kwamba ukiiacha ilivyokuja, mashine pepe zinakaa nyuma ya NAT. Zinapewa anwani za 192.168.122, na zinatoka kwenye intaneti vizuri tu. Ni kama mpangaji wa chumba cha uani: anatoka kwa kupita sebuleni kwa mwenye nyumba, lakini mgeni wake akija anaishia sebuleni. Kaunta tatu za duka zina anwani za 192.168.1, na hazikuwa na njia ya moja kwa moja ya kuifikia programu ya mauzo. Dawa yake ni daraja, yaani swichi ya kufikirika ndani ya Linux, inayounganisha kadi ya mtandao na mashine pepe ili zote zionekane kama zimechomekwa kwenye ruta moja.

Daraja sikuwa nimewahi kulijenga. Nikasema nisibahatishe kwenye mali ya mtu, nikalipa. Kuna jamaa anauza mafunzo kwenye makundi ya WhatsApp, Sh 45,000, unapewa PDF na unaingizwa kwenye kundi la msaada. Sitamtaja jina. Yeye anajijua, na wanaofanya biashara kama yake wanajijua.

Kosa la kwanza la ile PDF: imeandikwa "weka jina la kadi yako, iwe ya waya au ya waifai". Kompyuta ilikuwa kwenye waifai wakati huo, maana ruta ipo chumba cha pili. Nimehangaika siku mbili na jibu moja tu, `Operation not supported`. Siku mbili! Nikafuta, nikarudia, nikabadilisha hadi kadi. Kumbe waifai ya kawaida haikubali kabisa kuingia kwenye daraja. Ruta inapokea data kutoka kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) iliyojiunga nayo tu, na mashine pepe zina MAC zao nyingine, zile zinazoanza na 52:54:00. Kichwa cha pakiti za waifai kina nafasi ya anwani tatu. Ili daraja lifanye kazi inatakiwa ya nne, na ruta nyingi za nyumbani na madukani hazina mpango nayo. Sentensi moja ya "tumia waya" ingeniokoa. Nikanunua waya, nikautandaza.

Kosa la pili ndilo lililofanya niandike uzi huu.

Ijumaa nilikwenda Kasulu kwenye msiba. Usiku nikapata nafasi, nikaingia kwenye kompyuta hiyo ya duka kwa SSH (njia ya kuiendesha ukiwa mbali) ili nimalizie kazi, Jumamosi wakifungua wakute kila kitu tayari. Nikaandika faili la netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) kama PDF inavyosema, neno kwa neno, nikapiga `netplan apply`. Dirisha likaganda. Nikangoja. Nikajaribu kuingia upya, hakuna. Asubuhi kijana wa dukani akazima kompyuta na kuiwasha, hakuna kitu, maana kosa lilikuwa limeshahifadhiwa kwenye faili. Kaunta zote tatu zimekufa. Mimi nipo msibani, simu inaita, nyumba ya matanga imejaa watu, natoka nje naongea kwa kunong'ona na mama anayelia kwamba wateja wanamwacha. Nikawaaga wafiwa kabla ya mazishi. Wanaojua msiba kwetu wanajua hilo ni jambo gani.

Nilipofika, saa saba mchana, wateja wawili wa Kongo walikuwa wameshanunua bati duka jingine na mzigo wao uko majini.

Na kosa lenyewe? PDF iliacha anwani ya IP kwenye kadi, daraja ikaliacha tupu. Ukishaiingiza kadi kwenye daraja, kadi inakuwa tundu tu la swichi. Kila kinachoingia kupitia waya kinachukuliwa na daraja. Anwani ikibaki kwenye kadi, kompyuta inauliza kupitia kadi halafu majibu yanapokelewa na daraja, na inabaki inangoja jibu lisilofika. Anwani lazima ihame kutoka kwenye kadi iende kwenye daraja. Hicho ndicho kiini cha kazi nzima! Mtu asiyekijua asifundishe, na anayekijua akakiacha amekosa uaminifu.

Wala PDF haisemi popote kwamba kazi hii usiifanye ukiwa mbali. Haisemi kuna `netplan try`, ambayo inarudisha mipangilio ya zamani baada ya sekunde 120 kama hujathibitisha. Nayo ina sharti lake: ukiwa umeweka vigezo vya daraja kama `stp` au `forward-delay`, inagoma kwa sababu haiwezi kuvirudisha. Haya nimeyajua Jumapili, kwa kusoma mwenyewe.

Nikauliza kwenye kundi la msaada. Jibu la kwanza la mwalimu: "Piga Ubuntu upya." Jamani! Mashine ina hesabu za duka za mwaka mzima, mnaniambia nipige upya kwa sababu ya mistari miwili ya faili? Ni lini mafundi wa nchi hii tutaacha kulijibu kila swali kwa kupiga upya?

Msaidizi wake akaja na lake: "Chomeka kadi kwenye virbr0, si daraja hilo tayari?" Nilikuwa nimechoka, nikamsikiliza. Hilo kosa ni langu, nalikubali. Lakini naomba kila fundi alisome hili. virbr0 ni daraja la libvirt lenye mgawaji wake wa anwani. Ukiliunganisha na waya wa duka, mtandao unakuwa na wagawaji wawili, ruta na huyo. Baada ya muda kaunta mbili zikachukua anwani za 192.168.122, printa ya risiti ikapotea, na simu ya mama kwenye waifai nayo ikakamatwa humo humo. Tatizo la kompyuta moja likawa tatizo la jengo zima.

Nilipoandika kwenye kundi kwamba ushauri ule ni wa hatari na nikaeleza sababu, nikatolewa. Nilimtumia mwalimu ujumbe binafsi. Umesomwa. Kimya.

Jumapili nilikaa dukani mlango umefungwa, nikasoma nyaraka za netplan na libvirt moja baada ya nyingine, na Kiingereza changu hiki cha shule ya kata. Daraja likasimama. Mashine pepe bado hazipati anwani. Saa tatu nyingine. Hilo la mwisho lilikuwa Docker, programu niliyokuwa nimeiweka kwa kazi nyingine: inaifanya faiwoli (kichujio cha data za mtandao) ikatae kupitisha chochote ambacho hakijaruhusiwa, na moduli ya br_netfilter inazipitisha data za daraja kwenye faiwoli hiyo hiyo. Mstari mmoja ukamaliza:

`iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT`

(Mstari huo peke yake unapotea ukiwasha upya, uhifadhini.)

Hoja yangu ni hii. Vijana wengi wa mikoani hawasomi nyaraka za Kiingereza, wanategemea anayewaambia kwa lugha yao. Mtu huyo akinakili vitu asivyovielewa na kuvitoza Sh 45,000, hasara haiishii kwake. Inamfikia mama wa Mwanga ambaye hata neno Linux hajawahi kulisikia. Nataka ukurasa ule urekebishwe, wote walionunua watumiwe ule mpya, na hela yangu irudi. Mama nimemwambia sitamdai malipo ya kazi hii.

Nyongeza, saa nne usiku: Mnaonifuata inbox kuomba faili, nimeona bora niliweke hapa, bure. Badilisheni jina la kadi na anwani ziendane na mtandao wenu:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
  bridges:
    br0:
      interfaces: [enp3s0]
      addresses: [192.168.1.10/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.1.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.1.1]
```

Kisha kwenye mipangilio ya mashine pepe, sehemu ya mtandao, ondoa `default` uweke daraja `br0`. Fanya ukiwa umekaa mbele ya kompyuta hiyo, na skrini na kibodi vimechomekwa.

Na wewe uliyenitumia ujumbe kwamba "natoboa siri za kazi za watu": mwambie bosi wako namba yangu ya M-Pesa anayo, ni ile ile niliyomlipia.